Kwota imejaa, `du` inasema bado, `df` inasema nafasi tele: uamini ipi?

Mtumiaji ana kwota (kikomo cha nafasi) ya 50G kwenye seva ya chuo. Anajaribu kuhifadhi faili ndogo tu, anajibiwa `Disk quota exceeded`. Anapiga `du -sh *` ndani ya folda yake, anaona jumla ya 31G. Anapiga `df -h .`, anaona terabaiti nne ziko wazi. Basi anamwandikia msimamizi kwamba seva ina hitilafu, na msimamizi akipiga `repquota`, inayoorodhesha matumizi ya kila mtu, anakuta mtu huyo ametumia 50G kamili, hakuna hata kilobaiti iliyobaki.

Hakuna amri iliyodanganya hapo. Zimeulizwa maswali matatu tofauti, na kosa ni kudhani ni swali moja. Nitalinganisha kwanza hizo amri tatu, halafu aina za kwota zenyewe, maana sehemu kubwa ya malalamiko haya huzaliwa siku ile msimamizi anapochagua kwota ambayo watumiaji hawawezi kuisoma wenyewe. Mifano ni ya Linux kwa NFS (njia ya kompyuta ya mteja kutumia faili za seva kupitia mtandao), upande wa seva kukiwa na mfumo wa faili wa ext4, XFS au ZFS.

`df`

Amri hii haihesabu faili hata moja. Inauliza mfumo wa faili mzima: ukubwa wako ni upi, kimetumika kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Kupitia NFS swali linasafiri hadi kwenye seva, na seva inajibu kuhusu diski yake, haijibu kuhusu wewe. Kwenye ext4 yenye kwota za watumiaji, watu mia mbili wataona wote terabaiti nne zile zile, na kila mmoja atadhani ni zake.

Faida yake ni kwamba inajibu papo hapo, hata kwenye seva yenye mamilioni ya faili. Msimamizi anayetaka kujua kama diski inakaribia kujaa hahitaji zaidi ya hiyo. Mtumiaji wa kawaida mwenye kwota ya ext4 hana sababu ya kuitazama kabisa.

Ina mitego miwili. Wa kwanza ni wa ext4: kwa kawaida asilimia 5 ya bloku (vipande ambavyo diski hugawanywa) hutengwa kwa ajili ya `root`, mtumiaji mkuu wa mfumo, kwa hiyo ukijumlisha kilichotumika na kilichobaki hupati ukubwa kamili. Kwenye diski ya 10 TB hiyo ni 500 GB iliyofichwa. Kwa diski ya data tupu, isiyobeba mfumo wa uendeshaji, `tune2fs -m 1` inarudisha sehemu kubwa ya hiyo.

Wa pili ni wa ZFS, na ndio unaoshtua watu, kwa sababu diski inaonekana kama inasinyaa. ZFS hukokotoa ukubwa unaoonyeshwa na `df` kwa kujumlisha data iliyo hai na nafasi iliyobaki. Chukua kwota ya 1 TiB. Data hai ni GiB 400, snapshoti (picha za data kama ilivyokuwa awali) zimeshikilia GiB 300. Kilichobaki ni GiB 324, kwa hiyo `df` itasema ukubwa wa diski ni GiB 724, tena bila maelezo. Kila snapshoti inavyonenepa, “diski” inapungua. Mtumiaji aliyeahidiwa terabaiti moja ana haki ya kuuliza nyingine iko wapi, na jibu ataliona tu yule mwenye ruhusa ya kupiga `zfs list -o space`, ambapo safu ya `USEDSNAP` inalieleza jambo lote.

`du`

Hii ndiyo inayotembea. Inapita folda baada ya folda, inasoma kila faili imeshika bloku ngapi, inajumlisha. Kwa hiyo ni ya polepole, hasa kupitia mtandao, lakini ndiyo pekee inayokuambia nafasi imeliwa *wapi*. Usiipe kazi nyingine.

Inavyohesabu ni bloku, si urefu wa faili. `ls -l` inakupa urefu. `du` inakupa nafasi iliyoshikwa diskini. `du --apparent-size` inakurudisha kwenye urefu. Tofauti huelekea pande zote mbili. Faili 100,000 zenye baiti 100 kila moja ni MB 10 tu kwa urefu, lakini kwenye mfumo wenye bloku za KiB 4 kila moja inashika bloku nzima, na jumla inafika karibu MiB 391. Kinyume chake, diski pepe ya mashine iliyotengenezwa kwa `truncate -s 50G` ina urefu wa 50G na haishiki karibu chochote mpaka uandike ndani yake. Inakili kwa `rsync` bila `-S` na matundu yote (sehemu ambazo hazijaandikwa) yanajazwa sifuri: nakala inakuwa ya 50G kweli, na kwota inalia. Ukiona “nimenakili folda ya 8G ikawa 60G”, anza hapo. ZFS yenye kubana data nayo huonyesha `du` ndogo kuliko `ls -l`, na hiyo ni habari njema isiyohitaji kutafutiwa dawa. Ila usipime sekunde ile ile uliyoandika: ZFS hukusanya maandishi na kuyashusha diskini kwa mafungu, kwa kawaida ndani ya sekunde 5, na kabla ya hapo `du` inaweza kukuonyesha faili kubwa kama si kitu.

XFS ina tabia yake: faili inayokua kwa kuongezewa mwishoni hupewa bloku za akiba mapema ili isikatike vipande. Kwa muda `du` na kwota vyote vinaona zaidi ya urefu wa faili. Huwa inarejea yenyewe. Usihangaike nayo isipokuwa una faili nyingi za kumbukumbu zisizofungwa kamwe.

Mambo matatu yanayopotosha `du` ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya kompyuta. La kwanza, nyota katika `du -sh *` haigusi majina yanayoanza na nukta. `.cache`, `.local`, `.conda` na pipa la taka vyote vinabaki nje, na kwa mtu anayefanya kazi na Python humo ndimo gigabaiti zinapolala. Piga `du -sh ~` nzima, au `du -ah --max-depth=1 ~ | sort -h`. Zile 19G zilizopotea kwenye mfano wa mwanzo, mara nyingi ndizo hizi.

La pili, msimamizi anaipiga akiwa `root` kwenye kompyuta ya mteja na kuamini kwamba `root` anaona kila kitu. Kupitia NFS yenye `root_squash`, ambayo ndiyo hali ya kawaida, `root` wa mteja hugeuzwa kuwa `nobody`, mtumiaji asiye na mamlaka. Folda zilizofungwa kwa ruhusa 0700 (mmiliki peke yake) hazimfungukii, na jumla yake inakuwa pungufu. Ujumbe wa makosa anauona, lakini wengi wameshazoea kuutupa kwa `2>/dev/null`. Pima ukiwa kwenye seva yenyewe.

La tatu linakwenda upande wa pili: baadhi ya seva huonyesha folda ya `.snapshot` ndani ya kila folda. `du` ikiingia humo inahesabu kila snapshoti kama nakala nzima, na mtu wa 20G anajikuta na 400G. Weka `--exclude=.snapshot`.

`quota` na ndugu zake

Kwota ya mtumiaji ni kama daftari la madeni dukani: inaandika jina la aliyechukua, haijali sukari imepelekwa jikoni kwa nani. Kila bloku iliyoshikwa na faili yenye jina lako kama mmiliki inaandikwa kwako, popote faili ilipo ndani ya mfumo huo wa faili. Ukiweka matokeo yako ya 15G kwenye folda ya mradi ya mwenzako, `du ~` haiyaoni, kwota inayaona. Mwenzako naye akiweka faili zake kwenye folda yako, `du` yako inapanda na kwota yako haitikisiki.

Kwa hiyo kabla ya kubishana na kwota, msimamizi apige kwenye seva `find /data -xdev -user asha -size +100M`, bila kujifunga kwenye folda ya nyumbani. Amri moja hii humaliza kesi nyingi kuliko vikao.

Kuna udhia mwingine mkubwa zaidi ambao haujulikani sana. NFS yenye uthibitisho wa kawaida wa `sys` hupeleka kwa seva namba ya mtumiaji, si jina lake. Kama kompyuta ya maabara ilisimikwa peke yake, na mtu aliyesajiliwa pale akapewa namba 1001 wakati kwenye seva 1001 ni ya mtu mwingine kabisa, basi kila anachoandika kinadaiwa kwa yule mwingine. Ukiona mtu amejaza kwota wakati hajaingia kwenye seva kwa miezi, linganisha `id` ya pande zote mbili kabla ya kitu kingine.

Kwa mteja, `quota -vs` haitegemei NFS yenyewe. Inazungumza na huduma tofauti, `rpc.rquotad`, ambayo inapaswa kuwa inaendeshwa kwenye seva na kufikika kupitia ukuta wa moto. Hapa ndipo wengi hukwama: NFSv4 inahitaji bandari 2049 tu, kwa hiyo faili zinafanya kazi vizuri huku `quota` ikikaa kimya au ikichelewa, kwa kuwa bandari 111 na ile ya `rquotad` zimefungwa. Watumiaji wanahitimisha kwamba hawana kwota. Wanaijua siku inapowagonga.

Tena kwota ina safu mbili. Mbali na bloku, inahesabu idadi ya faili. Mtu anaweza kuwa na 12G kati ya 50G na bado akakataliwa kwa sababu amefika kikomo cha faili, hasa baada ya kusimika mazingira ya Conda kadhaa au folda za `node_modules`. Ujumbe ni ule ule, `Disk quota exceeded`, haubagui. Soma safu ya `files` kabla ya kuanza kufuta video.

| | `df` | `du` | `quota` |
|---|---|---|---|
| Inahesabu nini | mfumo wa faili mzima | faili zinazofikika chini ya folda | faili za mmiliki mmoja popote zilipo |
| Kasi | papo hapo | polepole, zaidi kupitia mtandao | papo hapo |
| Faili iliyofutwa lakini bado imefunguliwa kwenye seva | inaiona | haiioni | inaiona |
| Snapshoti za ZFS | hupunguza ukubwa unaoonyeshwa | haizioni, isipokuwa ikiingia ndani | hutegemea aina ya kwota |
| Itumie kuamua | kama diski inahitaji kuongezwa | nini kifutwe | kama mtu ataweza kuandika |

Safu ya faili zilizofutwa inastahili maneno zaidi. Kwenye Linux, faili iliyofutwa huku programu bado imeifungua haiachii nafasi mpaka programu iifunge. Kwenye seva, `lsof +L1` inaziorodhesha. Kupitia NFS mambo yanabadilika: mteja anayefuta faili aliyoifungua mwenyewe huibadilisha jina, ikawa `.nfs` ikifuatiwa na mfululizo wa herufi na namba. Kwa hiyo `du ~` inaiona, ingawa `du *` haiioni. Ukijaribu kuifuta wakati programu bado ipo unajibiwa `Device or resource busy`, na dawa ni kuitafuta programu hiyo na kuifunga. Mteja akizimika ghafla, faili hizo hubaki yatima na seva haizisafishi yenyewe. Kazi ya `cron` (kiendesha kazi za ratiba) inayofuta `.nfs*` zenye umri wa zaidi ya wiki moja inatosha.

Vipimo vyenyewe navyo huleta ugomvi wa bure. Diski inayouzwa kwa jina la 1 TB ni takriban 931 kwa hesabu ya `df -h`, ambayo hugawa kwa 1024. Amri ya `setquota` ikipewa namba tupu huichukulia kuwa ni bloku za KiB 1, kwa hiyo aliyeandika 100000000 akidhani ametoa gigabaiti mia ametoa GiB 95 na kitu. macOS nayo tangu toleo 10.6 huhesabu kwa elfu. Faili moja, kompyuta mbili, namba mbili, na hakuna kilichoharibika.

Sasa, kwota ipi?

Kama bado hujaiweka, hapa ndipo pa kufikiri. Maoni yangu ni kwamba kigezo cha kwanza kiwe hiki: mtumiaji ataweza kuona kikomo chake kwa amri anayoijua tayari? Uzuri wa utendaji unakuja baadaye.

*Kwota ya mtumiaji kwenye ext4 au XFS* ndiyo kongwe na ndiyo inayofanya kazi na `quota`, `repquota` na `rquotad` bila vituko. Inafaa pale kila mtu ana vyake na hakuna folda nyingi za pamoja. Kwenye ext4, chagua kwota iliyojengwa ndani ya mfumo wa faili, si ile ya zamani ya faili za `aquota.user`, ile ya zamani hupotoka mfumo ukitumiwa bila kwota kuwashwa, na hapo huna budi kuisimamisha kazi na kupiga `quotacheck`. XFS haina shida hiyo kwa kuwa hesabu zake zimo kwenye metadata. Udhaifu wa kundi hili lote ni huo niliousema: `df` haionyeshi kikomo, na faili zilizotawanyika kwenye folda za wengine haziwezi kuelezeka kwa `du`.

*Kwota ya mradi kwenye XFS* hufunga folda badala ya mtu. Unaandika njia ya folda kwenye `/etc/projects`, jina kwenye `/etc/projid`, unaweka kikomo kwa `xfs_quota`, basi. Yeyote anayeandika humo, hesabu ni ya folda. Hapa `du` ya folda na kwota hukaribiana sana, na bora zaidi, `df` ndani ya folda hiyo huonyesha kikomo cha mradi kama ndio ukubwa wa diski. Mteja wa NFS anayeunganisha folda hiyo anaona “diski” yake ya 2T imebaki 300G, na hakuna anayepiga simu. Gharama yake ni moja: `mv` kutoka mradi mmoja kwenda mwingine haibadilishi jina tu, inalazimika kunakili data yote, hata kama diski ni ile ile. Kwa vikundi vya utafiti, idara na miradi yenye mwanzo na mwisho, ningechukua hii bila kusita. ext4 nayo ina kwota ya mradi tangu Linux 4.5, kama huwezi kuhama.

*ZFS* inakupa tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoleta kesi. `quota` inahesabu folda nzima ya ZFS pamoja na zile zilizo chini yake na snapshoti zake. `refquota` inahesabu data hai tu. `userquota@` inahesabu kwa mmiliki, kama daftari lile, baada ya data kubanwa. Snapshoti haziingii, na utekelezaji wake unaweza kuchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo mtu anayeandika kwa kasi atapita kikomo kidogo kabla ya kuzuiwa.

Kama wewe ndiye unayepanga ratiba ya snapshoti, usimtoze mtumiaji kwa snapshoti ambazo hakuziomba na hawezi kuzifuta. Mpe kila mtu folda yake ya ZFS, weka `refquota` kwa kiasi ulichomwahidi, halafu weka `quota` kubwa zaidi juu yake, tuseme mara moja na nusu, ili snapshoti zisile bwawa zima la diski. Kwa mpango huo `df` ya mtumiaji inakaa palepale kwenye kiasi cha ahadi, haisinyai, ilimradi snapshoti hazijafikia ule ukingo wa juu. `userquota@` ibaki kwa folda za pamoja ambako huwezi kumtenga kila mtu. Jiandae kuwaonyesha matokeo ya `zfs userspace` kwa njia nyingine, kwani `df` haitawaambia.

Hatari ya `quota` ya ZFS ikijaa hadi pomoni ni kwamba hata `rm` inaweza kukataa, kwa sababu kufuta nako ni kuandika. Mara nyingi `truncate -s 0` kwenye faili kubwa isiyomo kwenye snapshoti hufungua njia. Ikishindikana, msimamizi anaongeza kwota kwa muda, mtu anafuta, kwota inarudishwa.

*CephFS*, mfumo wa faili uliotawanywa kwenye seva nyingi, niiseme kwa ufupi, kwa walio nayo. Kwota imewekwa kwenye folda, na wanaoitekeleza ni wateja wenyewe kwa ushirikiano, kwa hiyo ichukulie kama makubaliano ya heshima: kupita kikomo kwa sekunde kadhaa ni kawaida. Jumla yake huhesabu urefu wa faili, si bloku, kwa hiyo ile diski pepe yenye matundu inatozwa 50G nzima hata kama ni tupu. Uzuri wake, `getfattr -n ceph.dir.rbytes` inakupa jumla ya folda mara moja, bila `du` kutembea.

Jambo moja linahusu kwota zote zinazopitia NFS, uchague ipi. Mteja hukusanya maandishi kwenye kumbukumbu kabla ya kuyapeleka, kwa hiyo kosa la kwota linaweza kujitokeza wakati faili inafungwa, si wakati inaandikwa. Programu isiyokagua matokeo ya kufunga itasema “imehifadhiwa” na kukuachia faili iliyokatika. Ndiyo maana kwenye ext4 na XFS napendelea kuweka kikomo laini chini ya kikomo kigumu, kwa mfano 45G na 50G: mtu akipita 45G bado anaandika, ana muhula ambao kwa kawaida ni siku 7, na `warnquota` kwenye `cron` inamtumia barua pepe kila asubuhi hadi apunguze.